KOVU LA KIFUANI

Mtoto apatapo nafuu ya surua, watu wa nyumbani hufurahi. Vipele vimekauka, homa imeshuka, naye aomba uji. Lakini wako watoto wachache ambao kikohozi hakiwaachi. Mwezi wapita, na wa pili, nao wangali wakikohoa. Jambo hili lina sababu yake.

Ndani ya mapafu mna mirija mingi. Mrija mkubwa hugawanyika kama mti ugawanyikavyo matawi, mpaka mirija ikawa myembamba mno. Mwisho wake ni vifuko vidogo vya hewa, na humo damu hutwaa hewa njema. Mapafu ya mtoto mchanga hayajakamilika. Vifuko vyake huzidi kuongezeka katika miaka ya kwanza.

Surua na mafua makali huletwa na virusi, navyo ni vidogo hata havionekani kwa macho. Huingia pamoja na pumzi, vikaharibu utando laini wa mirija. Mrija wa mtu mzima ukivimba kidogo, hewa hupita bado. Wa mtoto ukivimba kadiri ile ile, njia hukaribia kuziba. Tena utando ukiisha kuharibika, vijidudu vingine huona mlango wazi, na mtoto hushikwa na kichomi.

Watoto walio wengi hupona kabisa. Lakini ugonjwa ukiwa mkali sana, huweza kuacha kovu, kama moto uachavyo kovu katika ngozi. Mirija mingine huziba daima. Mingine hulegea na kupanuka, makohozi yakatuama ndani yake kama maji bwawani. Mtoto huyo akikimbia huhema upesi, tena huugua kifua mara kwa mara. Dawa zaweza kumsaidia, lakini haziwezi kuliondoa kovu.

Katika nchi ya Ugogo mapafu yana maadui wengine watatu. Wa kwanza ni vumbi, lipeperushwalo na pepo kali za kiangazi. Wa pili ni moshi, maana ndani ya tembe, nyumba ile ya paa bapa la udongo, moshi wa jikoni hauna pa kutokea upesi. Wa tatu ni njaa. Mwaka 1918 mafua makali yalipoizunguka dunia, Wagogo walikuwa katika njaa kuu iitwayo Mtunya. Na mwili wenye njaa hauna nguvu za kupigana na ugonjwa.

Kinga iko. Chanjo ya surua hutolewa Tanzania mara mbili, mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Mtoto mdogo asilazwe penye moshi, wala asinyimwe maziwa ya mama.

Mtoto akikohoa, pumzi zake zihesabiwe dakika nzima, naye ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 4 akivuta mara 40 au zaidi, apelekwe zahanati siku ile ile. Vivyo hivyo kama kifua chabonyea chini ya mbavu kila avutapo pumzi. Na kikohozi kikipita majuma mawili, apelekwe kupimwa, hata kama acheza na kula.

MASWALI
1. Kwa nini uvimbe mdogo humdhuru mtoto kuliko mtu mzima?
2. Kovu la mapafu humfanyia mtoto nini?
3. Taja maadui watatu wa mapafu katika Ugogo.
4. Mtoto wa miezi 8 avuta pumzi mara 56 kwa dakika. Afanyiweje?