SOMO LETU: BEGA LA MFANYAKAZI NA KIPIMO CHA KUVAA

Mchumaji wa majani chai hubeba kapu mgongoni, kamba zikimkaza mabega. Mwenzake wa kiwandani hupanga magunia ya kilo 50 mpaka juu ya kichwa chake. Bega likianza kuuma hupelekwa eksirei, na kama mfupa haukuvunjika huambiwa hana kitu, arudi kazini. Siku hizi vipo vipimo vidogo vya kuvaa mwilini vinavyofuata mwendo wa bega. Yafaa tuvielewe kabla havijaletwa langoni kwetu.

Tuanze na bega lenyewe. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo na kikubwa, lakini kishimo kinachokipokea hakina kina. Ni kama mpira juu ya kisahani. Ndiyo maana bega huzunguka kuliko kiungo kingine chochote, na huteguka upesi. Mpira huo hushikwa na misuli minne na kano zake. Tukiinua mkono mpaka juu kabisa, karibu nyuzi 180, kiungo chenyewe huchangia kama 120, na kombe la bega, yaani ule mfupa bapa wa mgongoni, huchangia kama 60. Misuli ikichoka au ikiumia, mwendo huu huvurugika. Kombe huchelewa, au hubenuka nje, hasa mkono unaposhuka.

Kipimo hiki hakizidi sana kiberiti kwa ukubwa. Kimoja hubandikwa kifuani, kingine kwenye kombe, cha tatu kwenye mkono juu ya kiwiko. Ndani yake mna sehemu inayohisi kasi ikibadilika na nyingine inayohisi mzunguko, makumi ya mara kwa sekunde. Mpimaji atakuambia uinue mkono na kuushusha polepole, mara kadhaa, kisha mkono wa pili. Kompyuta huchora mstari. Hapo huonekana mkono umefika nyuzi ngapi, umekwenda laini au kwa kushtuka, na mikono miwili inatofautianaje.

Lakini hakipimi maumivu, ndugu. Tena hukaa juu ya ngozi, na ngozi huteleza juu ya kombe, hivyo mkono ukipita usawa wa bega hesabu hupotoka. Vingine vina dira ndani, na chuma cha mitambo huivuruga. Basi tusikubali kupimwa kando ya mashine.

Jambo kubwa ni saa ya kupimwa. Asubuhi, baada ya usingizi, bega lililochoka laweza kuonekana zima. Mfanyakazi apimwe kabla ya zamu na baada ya zamu, kwa uzito anaobeba kila siku. Tajiri akipima asubuhi tu, amepima mapumziko yetu.

Gharama si juu yetu. Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimtoze mfanyakazi. Kwa wenzetu wa Uganda, sheria ya 2019 ya kulinda habari za watu imeweka habari za afya katika fungu lenye ulinzi maalum. Mstari ule wa kompyuta ni habari ya afya yako. Uliza utakaa kwa nani, na nakala yako iko wapi. Na tawi likiletewa karatasi ya kutia sahihi, isomwe kwanza mkutanoni kwa lugha inayoeleweka na wote.