Kabla Hujafunga Filta ya Wazi

Mdogo wangu wa Dodoma ameniandikia kuhusu Mark X yake ya lita 2.5. Amepata filta ya koni na bomba lake la kung'aa, bei anaimudu, fundi yuko tayari Jumamosi. Anachouliza ni kimoja: gari itaongeza mbio? Namjibu hapa kwa sababu najua wengi mnalitamani jambo hilohilo.

Mpenzi, itaongeza kidogo sana, pengine isiongeze kabisa. Kitakachoongezeka kwa hakika ni muungurumo. Kama ndio unaoutaka, hakuna ubaya, gari ni yako na jasho ni lako. Ila usitoe pesa ukiamini umenunua nguvu.

Lile boksi jeusi la plastiki unalotaka kuling'oa lina kazi yake. Linavuta hewa kutoka mbele ya gari, mbali na joto la injini. Ukiiacha filta wazi chini ya boneti, injini itavuta hewa iliyokwishapashwa moto na rejeta na ekzosi. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa takriban asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30, maana yake oksijeni imepungua, na bila oksijeni petroli haiungui vizuri. Kama hiyo uliyoonyeshwa haina ngao ya kuikinga na joto, iache dukani.

Mimi kinachonitia hofu zaidi ni vumbi. Injini yako ikikanyagwa hadi mizunguko 6,000, huvuta karibu lita 7,500 za hewa kwa dakika moja. Sasa uwe nyuma ya lori la kokoto kwenye barabara isiyo na lami! Filta dhaifu hupitisha chembe ndogo ambazo ile ya karatasi ingezinasa, nazo husaga ringi za pistoni na kuta za silinda polepole, hadi gari inaanza kula oili. Filta ya pamba inayopakwa mafuta ni nafuu kidogo, lakini mafuta yakizidi huganda kwenye sensa ya hewa. Ndani ya sensa hiyo kuna kiwaya chembamba chenye joto kinachopima hewa inayopita, na kompyuta hugawa petroli kwa kufuata kipimo hicho, kwa kawaida gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Sensa ikichafuka, au ikihamishiwa bomba lenye kipenyo tofauti na cha mwanzo, hesabu inavurugika. Gari inakosa nguvu, inatetemeka ikiwa imesimama, na taa ya cheki injini inawaka.

Nanyi wa Dar es Salaam, lile bomba refu linaloshusha filta chini nyuma ya bampa msilikubali kabisa. Mvua ikijaa Jangwani, filta inazama. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda, konrodi inapinda. Gari ikizimikia majini usipige stata tena, ivutwe.

Ukishaamua kufunga, simama pale fundi anapofanya kazi. Atoe kwanza waya wa hasi wa betri. Sensa ifunguliwe taratibu, kiwaya chake kisiguswe kwa kidole wala kitambaa, na mshale wake uelekee injini. Ule mpira mdogo unaotoka kwenye injini kuja kwenye bomba la hewa urudishwe mahali pake, usizibwe kwa gundi. Bomba lisigusane na feni wala mkanda. Mkimaliza, washa gari na usikilize kila maungio. Ukisikia mluzi, kuna hewa inayoingia bila kupita kwenye filta, na hapo kaza klipu kabla ya kumlipa.

Baada ya wiki moja, zima injini, fungua bomba, pitisha kitambaa cheupe ndani, upande wa baada ya filta. Kikitoka na vumbi, rudisha boksi la zamani siku hiyohiyo. Kwa hiyo usimwachie fundi lile boksi. Ondoka nalo pamoja na klipu na skrubu zake zote, uvihifadhi nyumbani. Na kabla ya Jumamosi, nunua filta mpya ya karatasi uiweke kwenye boksi hilohilo, uendeshe siku chache. Kama ya sasa imeziba, huenda ndiyo inayoifanya gari iwe nzito, na shida ikaishia hapo.