Nikate Wapi Honda ya Babu?

SWALI: Babu aliniachia Honda CG125 kuukuu. Nataka kuigeuza chopa, shoki za mbele ziwe ndefu, kazi niifanyie nyumbani hapa Mwihoko. Nianze kukata wapi?

JIBU: Popote ila shingoni, pale usukani unapoingia kwenye fremu, kijana wangu. Namba ya fremu imegongwa pale pale shingoni. Ukiikwangua kwa grenda, logibuku inabaki karatasi tu na NTSA, wasajili wa magari na pikipiki, hawataitambua pikipiki yako.

Halafu kuna hesabu ya mlalo wa shingo. Chukua uzi, ufunge nati, uuning'inize katikati ya ekseli ya mbele hadi sakafuni, utie alama ya chaki. Sasa nyoosha ubao kufuata mlalo wa shingo mpaka uguse sakafu, utie alama ya pili. Kati ya alama hizo mbili huwa kuna takriban sentimita tisa. Ukiilaza shingo zaidi, nafasi inapanuka: kwenye Thika Road utanyooka raha mustarehe, lakini kwenye msongamano wa Githurai usukani utakuwa mzito na gurudumu litataka kuangukia upande.

Mimi ningeacha mbele kama ilivyo. Kata madigadi ya nyuma, shusha kiti, weka usukani wa juu. Wenye chopa halisi watakucheka, wacha wacheke.

Kabla ya kuchomelea chochote, chomoa betri na ulitoe tangi kabisa, ulipeleke mbali. Tangi tupu ndilo baya zaidi, maana limejaa mvuke wa petroli.