Tochi Yako Iweke Pembeni: Mbinu za Dukani, Gereji na Nyumbani

Sokoni Butembo, mtu akinunua tochi huuliza jambo moja: inamulika mbali? Swali hilo ni la mlinzi wa usiku. Wewe unayeuza dukani, unayefuga kuku au unayefungua injini ya pikipiki, jiulize kwanza utaiweka wapi. Tochi ndogo ikikaa pembeni ya kitu, nyuma yake au kwenye paji lako la uso, inakuonyesha mambo ambayo tochi kubwa huyamwagia mwanga mpaka yanapotea.

Mazoezi hayatakosekana. Ikweta inapita kusini kidogo ya Butembo, kwa hiyo Januari kama Julai giza linaingia karibu saa kumi na mbili jioni, tena kwa haraka. Mutwanga wana umeme wa maji tangu 2013, na mjini Beni na Butembo kuna mitaa yenye nyaya. Lakini taa ikizimika saa moja usiku ukiwa katikati ya hesabu za duka, unajua mwenyewe mkono wako unapapasa nini.

Tuanze na dola, kwa sababu hapo hasara haikupi muda. Biashara kubwa huku inalipwa kwa dola, na noti iliyochanika kidogo tu pembeni inakataliwa. Mwenye noti bandia anapenda jioni: mwanga ni hafifu, foleni ni ndefu, na wewe unataka kwenda nyumbani.

Usiimulike noti usoni. Inua noti ya dola 100 na uweke tochi nyuma yake. Kwa zile mpya zilizoanza kutoka 2013, tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni sura ya Franklin iliyofifia, kwenye nafasi tupu kulia mwa picha kubwa. Cha pili ni uzi uliosimama wima kushoto mwa picha, wenye maandishi USA na 100. Geuza noti. Vyote viwili lazima vionekane upande wa pili pia.

Ukikuta uzi umeandikwa USA FIVE, mrudishie mwenyewe. Hiyo ni noti ya dola 5 iliyofutwa wino ikachapwa upya kuwa 100. Karatasi yake ni halali kabisa, ndiyo maana vidole pekee vinadanganyika.

Sasa ishushe tochi pembeni, mwanga ulale karibu sambamba na noti. Angalia bega la Franklin. Kwenye noti ya kweli wino umeinuka, unaonekana kama mistari yenye vivuli vidogo, na ukipitisha kucha unaisikia. Noti ya mashine ya ofisini inalala bapa. Mwanga huohuo wa pembeni unafichua mpasuko uliobandikwa kwa gundi, ule ambao utajulikana kesho asubuhi wakati wewe ndiye unayelipa.

Kama unashika dola kila siku, nunua na kitochi cha mwanga wa urujuani, kile wanachotumia wabadilishaji fedha. Chini yake uzi wa noti ya 100 unawaka waridi, wa 50 njano, wa 20 kijani. Karatasi ya dola yenyewe haiwaki. Karatasi ya kawaida inawaka bluu-nyeupe. Hata hivyo, noti iliyosahaulika mfukoni ikafuliwa kwa sabuni ya unga inaweza kuwaka kidogo, basi uamuzi wako uanzie kwenye uzi. Na mwanga huo usiuelekeze machoni, hasa ya watoto.

Jambo moja la adabu: kagua noti za kila mteja, pamoja na za jirani yako. "Mama, univumilie kidogo, naziangalia zote." Ukimkagua mgeni peke yake utapata ugomvi, na ukimruka rafiki utapata hasara.

Hamia kwenye mayai. Mfugaji mwenye kuku watano anayeatamisha bila kupima anapoteza wiki tatu kwenye mayai yasiyo na kitu. Kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, toboa tundu dogo kuliko yai, funika nacho kioo cha tochi. Mwanga utoke kwenye tundu tu. Kaa chumba chenye giza, kisha weka upande mnene wa yai juu ya tundu.

Pima siku ya saba, usiku, kuku akiwa ametulia. Yai lenye uhai linaonyesha doa jeusi na mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Yai linalong'aa njano tupu, bila mshipa, halikurutubishwa, liondoe. Ukiona pete nyekundu imezunguka ndani, kifaranga alianza akafa. Hilo nalo liondoe, kwa sababu likioza na kupasuka litawaharibia wengine.

Usilichezee yai. Sekunde chache zinatosha, halafu lirudi chini ya mama yake likiwa bado na joto. Andika tarehe kwenye ganda kwa penseli. Siku ya kumi na nne rudia: karibu yai zima linapaswa kuwa jeusi, isipokuwa nafasi ya hewa upande mnene. Kuanzia siku ya kumi na nane mwache kuku na kazi yake, vifaranga ni siku ya ishirini na moja. Kwa bata wa kawaida hesabu siku 28, kwa wale wenye uso mwekundu wenye vinundu hesabu 35. Ganda la kahawia iliyoiva linasumbua. Hapo ndipo tochi yenye nguvu inapostahili bei yake.

Mbinu hiyohiyo inakusaidia ukinunua mayai ya kula, hasa trei zilizosafiri kupitia mpaka wa Kasindi. Nafasi ya hewa ikiwa ndogo, yai ni la karibuni. Ikiwa kubwa, limekaa. Mulika matatu manne ya trei mbele ya muuzaji, bei itazungumzika vizuri zaidi.

Kwa mafundi, mwanga wa pembeni ni nusu ya kazi. Seremala, laza tochi juu ya ubao uliopiga randa: kila wimbi la randa linatoa kivuli. Mwashi, fanya hivyo ukutani kabla lipu haijakauka, utaona mabonde ambayo mwenye nyumba angeyaona baada ya rangi. Mshonaji, sindano ikianguka usiinue tochi. Iweke sakafuni kabisa, uizungushe polepole. Sindano ni nyembamba lakini kivuli chake ni kirefu.

Gerejini, vaa tochi ya kichwa. Ukiishika kwa meno, mate yanaingia kwenye swichi na shingo inachoka. Na mtoto wa kazi ukimpa akushikie, baada ya dakika mbili anamulika barabarani. Ielekeze chini kidogo, mwanga uangukie kwenye vidole vyako. Ukitafuta mahali mafuta yanapovujia kwenye injini, safisha kwanza, washa injini, halafu mulika kwa pembeni. Mafuta mabichi yanametameta, ya zamani yana vumbi.

Hapa nitakuwa mkali. Karibu na petroli, mshumaa na kiberiti ni marufuku, iwe unafungua kabureta au wewe ni kadhafi mwenye chupa na bidoni zako kando ya barabara. Mvuke wa petroli ni mzito, unatambaa chini na kuufuata moto ulipo. Tumia tochi, uiwashe ukiwa bado mbali, na usibadilishe mawe yake ukiwa umeinama juu ya bidoni. Swichi inayotoa cheche usiivumilie.

Motari, taa ya mbele ikikufia kati ya Butembo na Beni, usimwambie abiria ashike simu juu ya bega lako. Mwanga unayumba, na wewe unafuata mwanga. Simama panapokaa watu. Safari ya usiku kwenye barabara ile ningekuomba uiache hata taa ikiwa nzima. Anayesukuma chukudu au baiskeli yenye mzigo jioni anahitaji mwanga wa nyuma kuliko wa mbele: funga kitochi chenye karatasi nyekundu ya plastiki nyuma ya mzigo, dereva akuone mapema.

Tangu hali ya dharura ya kijeshi ianze huku Mei 2021, kukutana na kizuizi gizani si jambo geni. Ukikikaribia, shusha tochi imulike miguu yako kabla hujaambiwa. Usimmulike askari usoni. Usiwashe na kuzima, kwa sababu huonekana kama ishara kwa mtu mwingine. Mikono ionekane, salamu itangulie. Saa za kutotembea zikiwekwa mtaani kwako, tochi haikupi ruhusa.

Shambani na njia ya chooni, mulika hatua mbili mbele yako, si mbali. Nyoka hayuko kwenye upeo wa mwanga, yuko penye kisigino. Mulika kizingiti cha choo, kisha pembe za ndani, halafu ndipo uingie. Vaa viatu. Kabla ya kuingiza mkono kwenye rundo la kuni au chini ya turubai la kakao, tochi itangulie.

Na turubai lenyewe lipimwe kabla mvua ya Septemba haijaanza. Usiku, mtu mmoja aingie chini yake na tochi, mwingine abaki nje na chaki. Kila kitundu kitajionyesha kama nyota, nawe unaweka alama. Bidoni na pipa vinapimwa hivyohivyo: tochi ndani, wewe nje, chumba kiwe giza. Kwa mabati geuza mpango: ingia darini mchana bila tochi, jua lenyewe likuonyeshe matundu.

Chandarua pia. Tandika, ingiza tochi ndani, zima taa nyingine, uzunguke nje. Shona unachokiona usiku huohuo, mbu hangoji Jumamosi. Kunguni hutafutwa saa za usiku wa manane: funua godoro ghafla na mulika mishono kwa pembeni.

Umeme ukikatika wakati wa chakula, simamisha tochi ikitazama dari nyeupe. Kama dari ni nyeusi kwa moshi, weka juu ya kioo cha tochi chupa ya plastiki iliyojaa maji. Mwanga utatawanyika mezani, na wanafunzi watasoma bila kugombania miale. Tochi ya simu nayo inafaa kwa hili, lakini simu ni kwa kupiga na kutuma pesa. Usiimalize kwa kumulika maharagwe.

Wenye mizinga, wekeni plastiki nyekundu mbele ya tochi. Nyuki hawaioni rangi nyekundu, hivyo hawautambui mwanga wako. Nyekundu inakulinda wewe pia: macho yakishazoea giza, mwanga mweupe wa sekunde moja unakurudisha nyuma, na kuzoea tena kikamilifu kunaweza kuchukua dakika ishirini na zaidi.

Unaponunua, usiamini namba za lumeni kwenye boksi. Vitochi vingi vinavyoteremshwa Butembo vina namba kubwa kuliko mwanga wake. Omba mawe yawekwe palepale. Washa na kuzima mara kumi, kisha itikise. Ikipepesa, iache. Fungua nyuma, utazame springi: kutu ndani ya tochi mpya maana yake ilishalowa njiani. Kwa kazi ya mvuani tafuta alama IPX4, inavumilia maji ya kurushwa. IPX7 inastahimili kuzama mita moja kwa nusu saa, lakini ikishagusa dimbwi usiifungue mpaka ikauke nje.

Mawe mapya na ya zamani usiyachanganye. Yale machovu yanayavuta mapya na kuvuja. Tochi isiyotumika itolewe mawe kabla ya kuiweka. Ya alkalini yakivuja, yatoe, futa ndani ya tochi kwa kitambaa chenye siki kidogo, kausha, jaribu tena na mawe mengine. Usiyatupe motoni wala karibu na kisima.

Tochi ya kuchaji ndiyo inayouawa sana, na wenye nyumba ndio wauaji. Nyingi za bei nafuu, zile zenye meno ya kuchomeka ukutani, zina betri ndogo ya risasi ndani. Betri ya aina hiyo haipendi kukaa tupu. Ukiitumia leo, ichaji leo au kesho umeme ukirudi, usingoje ife. Isipotumika, ichaji mara moja kwa mwezi. Zile za lithiamu zinavumilia zaidi, ila betri ikivimba usiichaji tena hata kama tochi bado inawaka. Itoe ndani ya nyumba, uiweke mahali pakavu mbali na watoto, kisha umuulize fundi wa simu kama anazipokea.