Somo la Kikundi: Maji Kwanza, Mengine Baadaye



Somo letu safari hii ni huduma ya kwanza, yaani ule msaada wa haraka anaopewa mtu aliyeumia kabla hajafika kwa daktari. Mwenyekiti au katibu asome kwa sauti, kifungu kwa kifungu, na yeyote mwenye swali amsimamishe. Kabla ya kuanza, leteni mtungi wa maji wa lita 20, karai safi, kikombe kikubwa cha nusu lita, leso iliyofuliwa, na saa. Vitu hivi havikosekani bomani, na karibu somo lote liko ndani yake.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe tukihesabu mchango wa mzunguko. Chai ilikuwa imeepuliwa na sufuria ikaachwa chini, kando ya mafiga. Mjukuu wa mwenye boma, mtoto wa miaka miwili, akateleza na mkono ukaingia ndani ya chai hadi kwenye kiwiko. Tulikuwa watu wazima zaidi ya ishirini pale, na kila mmoja alikuwa na dawa yake. Mmoja alikimbilia dawa ya meno. Mwingine akaleta unga wa mahindi. Mimi ndiye niliyevunja yai. Nyanya yake akapaka mafuta ya kupikia juu ya hayo yote, na sote tukaona tumesaidia. Mtungi wa maji ulikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, na hakuna aliyeugusa.

Kule zahanati muuguzi alilazimika kuosha ule mchanganyiko wote ili aone ngozi. Mtoto alilia wakati huo kuliko alivyolia alipoungua. Muuguzi hakutugombeza. Alituuliza tu, "Kwani hamkuwa na maji?" Tukanyamaza. Mtoto alipona, lakini mkono una kovu, na hatujui lingekuwa dogo kiasi gani kama tungetumia ule mtungi.

Sababu yenyewe si ngumu. Ugali ukiutoa jikoni haupoi mara moja. Ukiukata katikati baada ya dakika kumi bado unatoa mvuke, ingawa juu umeshapoa. Nyama ya mwili ni vivyo hivyo. Moto ukishaondoka, joto lililoingia linaendelea kupika kwa ndani. Mafuta ukiyapaka yanalifungia joto lile lisitoke, ni kama umefunika sufuria. Dawa ya meno inachoma ngozi ambayo tayari imechomeka. Yai bichi, unga na kinyesi cha ng'ombe vinaingiza viini kwenye kidonda, na kinyesi kinaweza kuleta pepopunda. Maji peke yake ndiyo yanayolitoa joto.

Basi mtu akiungua, kwa chai, uji, moto au chuma, mmwagie maji baridi ya kawaida mahali palipoungua kwa dakika 20. Si dakika mbili halafu mkaridhika kwa sababu mtoto amenyamaza. Dakika 20 kwa saa. Kama hakukuwa na maji pale alipoungulia, bado yanasaidia mkiyapata ndani ya saa tatu. Barafu msitumie, inaharibu ngozi zaidi.

Najua wasomaji wa Kitui, Makueni na sehemu nyingine kavu wanatikisa vichwa. Mtungi umebebwa kwa punda kutoka mbali, nao ndio wa kupikia jioni, na wewe unaniambia niumwage dakika ishirini? Hapa ndipo tutumie karai. Piga hesabu: nusu lita kila nusu dakika, kwa dakika 20, ni lita 20 kamili. Lakini ukiweka mkono wa mtoto juu ya karai, maji yanayodondoka unayachota tena na kumwagia tena. Yakianza kupata joto, ongeza mengine kutoka mtungini. Kwa njia hiyo hata lita tano au sita zinaweza kufanya kazi hiyo. Maji safi ni bora, lakini msingoje kuyachemsha na kuyapoza. Kama ni kidogo kabisa, lowesheni leso, iwekeni juu ya palipoungua, na muibadilishe kila inapopata joto.

Sasa simamisheni kusoma na mfanye zoezi. Mmoja awe mgonjwa, mwingine amwage, wa tatu ashike saa. Mtaona dakika 20 ni ndefu sana, na mtu anayemwaga anachoka. Lazima wapokezane. Afadhali mchoke leo kwa mazoezi.

Maji yakiendelea kumwagika, mwingine avue bangili, pete, shanga na nguo za sehemu ile, maana itavimba na vitu hivyo vitakaza. Nguo iliyoganda kwenye ngozi msiivute, kateni pembeni yake. Sehemu nyingine ya mwili ifunikwe, hasa kwa mtoto mchanga, asishikwe na baridi. Malengelenge msiyapasue. Dakika 20 zikiisha, funikeni kwa leso safi bila kukaza. Msitumie pamba, inashika kidondani. Dawa ya maumivu ya kawaida, paracetamol, anaweza kupewa kwa kipimo cha umri wake.

Ni nani wa kupelekwa hospitali? Aliyeungua uso, mikono, nyayo, sehemu za siri au kwenye viungo vinavyokunjwa. Aliyeungua mahali pakubwa kuliko kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole. Aliyevuta moshi mwingi. Mtoto mchanga, hata kama ni kidogo. Na yule ambaye ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na hasikii maumivu: msifurahi kwamba hana uchungu, huyo ameungua ndani zaidi. Mkifika, ulizeni habari ya sindano ya pepopunda.

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza: je, Msamaria wa Luka 10 hakummiminia yule majeruhi mafuta na divai? Alimmiminia, kwenye majeraha ya kupigwa, kwa dawa iliyojulikana siku zake. Lakini tuendelee kusoma habari ile. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka mahali pa kutunzwa, na kesho yake akatoa dinari mbili. Usafiri na pesa. Hayo mawili ndiyo tunayosahau, na tutayarudia.

Kuna watu wanaoungua vibaya kuliko watoto, nao ni wenye kifafa. Mtu anaanguka kwenye mafiga akiwa peke yake, au mbele ya watu wanaoogopa kumgusa kwa sababu wameambiwa povu lake linaambukiza. Kifafa hakiambukizi, wala kwa mate wala kwa pumzi. Mvuteni kutoka motoni mara moja. Msimshike kwa nguvu ili asitetemeke, na msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ulimi haumezwi, lakini meno huvunjika na vidole huumwa. Wekeni nguo laini chini ya kichwa chake, na mtetemeko ukiisha mlazeni kwa ubavu mate yatoke. Tazameni saa. Ukipita dakika tano, au ukirudi kabla hajapata fahamu, ni hospitali. Na kama kwenu kuna mtu wa namna hii, kikundi kimtafutie kliniki. Dawa za kumeza kila siku zipo na wengi hupata nafuu. Pia mafiga yakiinuliwa juu ya ukuta mfupi wa udongo, mwenye kifafa na mtoto wote wanapata usalama.

Hapo hapo jikoni kuna hatari nyingine, mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda. Mtoto anaijua chupa ya soda, hajui kilichomo. Akinywa, mkono wetu unakimbilia kumtapisha, au kumpa maziwa au mafuta ya kula. Msifanye hivyo. Mafuta ya taa hayaui sana yakiwa tumboni, yanaua yakiingia mapafuni, na huingia kwa urahisi mtu anapotapika. Mvueni nguo zilizomwagikiwa, mwosheni ngozi kwa sabuni na maji, mwacheni akae wima, na mwende hospitali hata kama anacheza. Akianza kukohoa au kupumua haraka haraka, mambo yameharibika. Aliyezimia alazwe kwa ubavu.

Vikundi vinavyotengeneza sabuni visikilize hapa pia. Ile soda ya kutengenezea sabuni inakata koo ikishuka, na inakata tena ikirudi. Asitapishwe, asukutuliwe mdomo kwa maji na apelekwe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe ni vivyo hivyo. Bebeni chupa au paketi mwende nayo, maana daktari atauliza ni dawa gani.

Kwa mtu aliyejikata na panga shambani, maneno ni machache. Mlaze, chukua leso safi, bonyeza juu ya jeraha kwa nguvu, na usiachilie kwa dakika kumi. Kosa letu ni kufunua kila mara tuone kama damu imekauka. Kila ukifunua unaianzisha upya. Leso ikilowa, ongeza nyingine juu na ubonyeze zaidi. Majivu, majani ya kahawa na tumbaku viacheni. Mkiwa na glavu vaeni, na mkikosa, yeye mwenyewe abonyeze kwa mkono wake kama ana nguvu, au mweke kitambaa kinene kati ya damu yake na mkono wenu.

Nyoka nao. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahaulika, na sisi tunaotembea gizani bila viatu tunajua kwa nini. Aliyeumwa asikimbie, asitembee ikiwezekana. Vueni bangili na pete. Fungeni mguu kwenye kijiti kilichonyooka ili usitikisike, kama mtu aliyevunjika mfupa, kisha mbebwe. Andikeni saa aliyoumwa. Msichanje kwa wembe, msifyonze, na msikaze kamba. Kamba ya kukaza imewakata watu mguu ambao sumu isingeukata. Lile jiwe jeusi la nyoka, nasema nikijua kwamba zamani hata misheni nyingine ziliwagawia watu, halitoi sumu. Linakula tu muda. Nyoka wengi huuma bila kutia sumu ya kutosha, basi mwenye jiwe husifiwa kwa mtu ambaye angepona hata hivyo. Msipoteze muda kumwinda nyoka, atauma wa pili. Swila akimtemea mtu machoni, rudini kwenye mtungi wenu: maji mengi, dakika 15 mpaka 20, jicho likiwa wazi. Halafu hospitali.

Sasa usafiri na pesa. Mimi naona hapa ndipo vikundi vyetu vina nguvu kuliko mtu mmoja mmoja. Usiku wa manane, mtoto akiwa ameungua, baba anaanza kuzunguka kijijini kukopa nauli ya bodaboda. Kikundi kinachoweka kando kiasi kidogo tu kutoka kila mchango, kwenye mfuko wa dharura usioguswa kwa jambo lingine, kinaondoa saa mbili za kuzunguka. Amueni leo ni kiasi gani, ni nani anashika, na ni nani anaweza kukitoa usiku bila kuitisha mkutano. Msimpe mtu mmoja peke yake, maana naye husafiri.

Katibu achukue karatasi aandike kabla ya sala ya kufunga. Simu za waendeshaji bodaboda wawili wanaoamka usiku. Simu ya mwenye gari. Simu ya mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Tangu 2023 serikali iliwagawia mikoba ya vifaa, na wengi wako tayari kuja kufundisha kikundi mkiwaita. Nambari za dharura 999 na 112. Kisha jina la hospitali ya karibu inayofunguliwa usiku, na ya karibu yenye dawa ya sumu ya nyoka. Hizo mbili huenda si hospitali moja, na zahanati nyingi hazina dawa ile, kwa hivyo atumwe mtu aulize mchana, kabla ya shida. Karatasi hiyo inakiliwe, na kila mwanachama aibandike nyuma ya mlango wake.

Mkutano ujao uanze kwa swali moja. Kila mmoja aseme mafuta ya taa yanawekwa wapi nyumbani kwake, kwenye chupa gani, na mtoto mdogo wa boma hilo anafikia kimo gani akisimama juu ya kiti.