Mikono Kwanza, Akili Itafuata: Somo kwa Walezi wa Vijana

Somo hili ni kwa wazazi, walimu, makatekista na mafrateri wanaokwenda likizo na kukabidhiwa kundi la vijana. Tunajiuliza: kijana ambaye akili yake haitulii, tumsaidieje?

Tumfikirie binti wa Jadida, pale Wete, kisiwani Pemba. Yuko Kidato cha Nne na mtihani wa taifa ni Novemba. Asubuhi yuko shule, alasiri chuoni, jioni twisheni, usiku simu. Akijilaza anawaza akifeli itakuwaje, wenzake wamesema nini huko kwenye WhatsApp, na nyumbani pesa zitatoka wapi. Mama akimwambia “hebu tulia”, hutulia kwa nje tu. Neno hilo halimpi njia ya kutulia. Limemwongezea kosa jingine la kujilaumia.

Mwili wake una sehemu katika jambo hili. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima mambo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi, lakini ile inayopiga kengele ya hatari huwa na nguvu mapema zaidi. Kengele inalia, mwenye kuizima bado anakua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana 7 wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Basi tusiseme haraka kwamba ni utundu au ukosefu wa sala.

Mwaka 1979, huko Massachusetts, Marekani, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa zoezi la uzingativu, yaani kuuweka moyo pale mwili ulipo, bila kujihukumu. Zoezi hilo likaenea hadi mashuleni. Lakini mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza ulioitwa MYRIAD, katika shule 85 zenye wanafunzi zaidi ya 8,000. Waliofundishwa uzingativu darasani hawakuonekana kuwa na nafuu kuliko wenzao waliofuata masomo ya kawaida, na wengi hawakuyafanya mazoezi hayo nyumbani. Kwa maoni yetu hilo halishangazi. Kumkalisha mtoto wa miaka 13 kimya, macho yamefumbwa, mara nyingi ni kumwacha peke yake na zile zile kelele za kichwani.

Wamonaki wa kale walilijua tatizo hili. Inasimuliwa kwamba Mtakatifu Antoni Abate, aliyefariki mwaka 356, alizidiwa jangwani na uchovu wa roho na mawazo mengi. Akamwona mtu kama yeye ameketi akisuka kamba, kisha akainuka kusali, kisha akaketi tena kusuka. Akatambua kwamba ameonyeshwa dawa yake: mikono ipate kazi, nayo akili ipate pa kutua.

Sasa turudi Jadida, maana huko kusuka hakuhitaji kuagizwa kutoka jangwani. Ukili wa mkeka unasukwa barazani kila siku. Mpe binti yule ukindu uliolowekwa kidogo, simu ikae chumbani. Asuke shibiri moja tu, polepole. Mwombe aeleze vidole vinahisi nini: ukingo wa jani, unyevu, mahali linapokaza. Wazo la mtihani likija, asilifukuze wala asilifuate. Alitambue, kisha arudi kwenye jani linalofuata. Atarudi mara ishirini katika dakika kumi, na huko kurudi ndiko zoezi lenyewe.

Msimu wa karafuu una nafasi yake pia. Karafuu huchambuliwa kwa mkono, ikitengwa na makonyo, na harufu yake pekee yatosha kumrudisha mtu pale alipo. Mvulana anayeona haya kusuka (na Antoni alisuka!) achambue karafuu, ashone nyavu au akune nazi akisikiliza mlio wa mbuzi. Mikono ikishazoea, ndipo tuongeze pumzi: kuvuta kwa hesabu ya 4, kutoa kwa hesabu ya 6. Pumzi ya kutoka ikirefushwa, mapigo ya moyo hupungua kasi.

Hapa walezi wengi huharibu. Wanaona mtoto anasuka vizuri, wanamwambia amalize pima mbili ziuzwe. Hapo mchezo umegeuka kibarua, na akili imerudi kwenye hesabu. Wengine huutumia kama adhabu. Ukili wa zoezi usikaguliwe. Ukitoka umepinda, ufumuliwe kesho asuke tena. Na kwa kuwa vijana wa Jadida karibu wote ni Waislamu, tusiuchanganye na mafundisho yetu kwa mlango wa nyuma. Kazi ya mikono ni yao tangu mabibi zao.

Kijana asiyelala kwa wiki kadhaa, aliyeacha kula, au anayesema afadhali afe, usimpe ukindu ukamwacha. Kaa naye, mwambie mzazi wake, na siku hiyo hiyo mfike hospitali.

Kabla ya kumfundisha mtu yeyote, mlezi asuke shibiri moja mwenyewe, simu ikiwa mbali, ahesabu ni mara ngapi akili ilitoroka. Hesabu hiyo aje nayo katika somo lijalo.