Mwili wa Chura na Mwili wa Mtu

Leo nataka kuwaeleza somo nililowapa watoto wa darasa langu, na maswali mawili yaliyotoka katika somo hilo. La kwanza liliulizwa na mtoto, la pili na mzee. Yote mawili yalinipa kazi kuliko somo lenyewe.

Mvua za kwanza zikiisha kunyesha hapa Lubumbashi, yaani mnamo mwezi wa Novemba, vyura hujaa katika mabonde na mifereji, nao huimba usiku kucha hata mgeni asipate usingizi. Kila mwaka mimi hungoja wakati huo ndipo nifundishe habari za viungo vya mwili. Vitabu vyenye picha ni vichache shuleni kwetu, na watoto ni wengi. Lakini chura hanunuliwi. Tena ndani yake mna karibu kila kiungo tulicho nacho sisi, na kila kimoja kiko karibu na mahali pake.

Wavulana wawili waliniletea chura mkubwa katika kopo. Nilimwua mimi mwenyewe, upesi, kabla ya watoto kuingia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2418, yafundisha kwamba kuwatesa wanyama bila haja hakupatani na heshima ya mtu. Nami sitaki mtoto ajifunze elimu na ukatili kwa siku moja. Kisha nikamlaza chali juu ya ubao, nikamshika kwa pini, nikawaita watoto wazunguke meza.

Kabla sijamfungua niliwaambia wamguse ngozi. Ni baridi, ina utelezi, haina nywele wala magamba. Haya, sikilizeni ajabu ya kwanza: chura hanywi maji kwa kinywa kama sisi. Hunywa kwa ngozi, hasa ile ya tumboni. Tena kwa ngozi hiyo hiyo huvuta sehemu ya hewa yake, na kwa sababu hiyo hana budi kukaa penye unyevu. Ngozi ikikauka, atakufa. Ngozi yetu sisi ni kama ukuta. Maji ya mvua hututiririka tu. Walakini ukuta huo una matundu yake: kijidudu cha kichocho hupenya ngozi ya mtu aingiaye katika maji yenye konokono wa kichocho, naye mtu asihisi kitu. Na yale ambayo ngozi yetu huyakataa, koo letu huyapokea. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, katika Ubelgiji, walitangaza kwamba watu waishio karibu na migodi na viwanda vya madini hapa Katanga walikutwa na kobalti nyingi mno katika mkojo wao, hasa watoto. Basi msidhani kwamba ni chura peke yake apatwaye na yaliyomwagwa mtoni.

Sasa nikafungua tumbo kwa mkasi. Wasichana waliokuwa wakiziba macho walikuwa wa kwanza kusogea. Tuliona ini, kubwa, la rangi ya udongo mwekundu, na chini yake kifuko cha nyongo. Tuliona tumbo la chakula upande wa kushoto, kama letu lilivyo upande wa kushoto; utumbo mwembamba uliojikunja, kisha utumbo mpana; wengu, mfano wa punje ndogo nyekundu; na mafigo mawili nyuma kabisa, karibu na uti wa mgongo. Mtoto mmoja, ambaye mama yake huuza nyama sokoni, aliyataja yote kabla yangu. Sikuona haya, nilimpa kijiti akawaonyesha wenzake.

Chura wetu alikuwa jike, naye alijaa mayai meusi madogo yasiyohesabika. Hapo niliwaeleza watoto wakubwa habari moja ambayo wengi hawaijui. Katika miaka ya 1930, waganga wa Afrika ya Kusini waligundua kwamba mkojo wa mama mja mzito ukidungwa chini ya ngozi ya chura jike wa majini, yule mwenye kucha miguuni, chura huyo hutaga mayai kabla ya siku kwisha. Mama akiwa hana mimba, chura hatagi. Hospitali za nchi nyingi zilitumia vyura hao kuwapima akina mama, hata katika miaka ya 1960, ndipo zikapatikana njia nyingine. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba ujumbe uletwao na damu katika mwili wa mama, mwili wa chura unaufahamu.

Mifupa niliipitia upesi. Chura hana shingo, hawezi kugeuza kichwa atazame nyuma; mkono wake una vidole vinne, mguu vitano. Yatosha.

Lakini juu ya pumzi tulikawia. Wekeni mikono yenu mbavuni, ninyi msomao, mkavute hewa polepole. Mwaona mbavu zikiinuka? Sisi tuna mbavu jozi kumi na mbili, na chini ya mapafu tuna wambo wa nyama uitwao kiwambo. Kiwambo kikishuka na mbavu zikipanuka, kifua huwa kama mfuko uliofunguliwa, na hewa huingia yenyewe. Chura hana kiwambo, wala hana mbavu za kupanua kifua. Afanyeje? Hujaza hewa kinywani kwa kupitia puani, kisha hufunga tundu za pua na kuinua sakafu ya kinywa, akaisukuma hewa iingie mapafuni, kama mtu amezaye tonge la ugali. Ndiyo sababu koo la chura hucheza daima. Sisi twavuta hewa, yeye huimeza.

Tena mapafu yake ni vifuko viwili vyembamba mno, hata mwanga hupita ndani yake. Wembamba huo uliwafaa sana wanadamu. Mwaka 1628 mganga Mwingereza, William Harvey, alitoa kitabu akieleza kwamba damu huzunguka: hutoka moyoni kwa mishipa fulani, hurudi kwa mishipa mingine. Lakini hakuweza kuonyesha jinsi damu inavyovuka kutoka mishipa ile hata hii. Mwaka 1661 Marcello Malpighi, wa mji wa Bologna katika Italia, alitazama pafu la chura kwa hadubini, akaiona mishipa myembamba kuliko unywele iliyounganisha pande zote mbili. Tangu hapo jambo lilikwisha. Malpighi huyo aliitwa Roma mwaka 1691 awe mganga wa Baba Mtakatifu Inosenti wa Kumi na Mbili. Nawatajia habari hii kwa sababu wako watu wasemao kwamba Kanisa huogopa wachunguzi. Basi huyu alipewa mwili wa Papa auangalie.

Ndipo tukafika kwenye moyo. Moyo wetu una vyumba vinne: viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Katikati pana ukuta, hata damu iliyokwisha kupata hewa safi isichanganyike na damu iliyochoka. Moyo wa chura una vyumba vitatu tu. Vya juu ni viwili, lakini cha chini ni kimoja, na damu zote mbili huingia humo, zikachanganyika kwa sehemu. Kwake yatosha, kwa kuwa ngozi humsaidia kupumua, na mwili wake hauna joto la kutunza kama wetu.

Nilikuwa nikisema hayo, mara watoto wakapiga kelele. Moyo ulikuwa ukipiga. Chura amekufa tangu asubuhi, hana habari ya kitu, na moyo wake wapiga polepole mbele ya macho yetu. Mimi nilijua, nimeshaliona jambo hilo mara nyingi. Nyama ya moyo ina nguvu yake yenyewe ya kujipigisha, haingojei amri ya ubongo, na moyo wetu una nguvu ya namna hiyo pia. Moyo wa chura, kwa kuwa hauhitaji joto wala hewa nyingi, hukawia kunyamaza. Lakini mtoto mmoja wa kiume, mpole, asiyezoea kusema darasani, akauliza: “Mwalimu, mlisema amekata roho. Kama amekata roho, kwa nini moyo wapiga? Roho yake i wapi?”

Ndugu zangu, lugha yetu hutufunga hapa. Twasema “roho” kwa pumzi, na “roho” kwa ile isiyokufa. Twasema “moyo” kwa nyama hii ipigayo, na “moyo” kwa mahali pa kupenda na kutubu. Nilimjibu kwamba Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kuwa wanyama nao wana uhai ndani yao, lakini uhai huo hutegemea mwili, nao hukoma pamoja na mwili. Bali roho ya mtu haikomi. Mtoto akafikiri kidogo, akauliza tena: “Na katika vyumba vyetu vinne, dhambi hukaa katika kipi?” Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia: “Hata ukimfungua mtu kwa kisu, hutaona dhambi wala toba katika chumba chochote.” Akaitikia, lakini niliona kwamba hakutosheka, na kusema kweli hata mimi sikutosheka na jibu langu.

Jumamosi ile, katika mafundisho ya watu wazima, mzee mmoja mkatekumeni alisimama. Mjukuu wake ni mwanafunzi wangu. Akasema: “Mwalimu, nisamehe. Mtoto alirudi nyumbani akatuambia mezani kwamba ndani yetu tuko kama chura: ini, nyongo, mafigo, vyote. Mimi nimeacha mambo mengi ili nibatizwe. Chura habatizwi. Kama mimi na yeye tu sawa, nimeyaacha ya nini?”

Watu wakanyamaza. Nilianza kumhesabia tofauti: vyumba vinne na vitatu, mbavu, kiwambo, ubongo. Akanisikiliza kwa adabu, na huku nikisema nikaona kwamba jibu hilo ni bovu. Je, utu wa mtu ni chumba kimoja cha moyo kilichozidi? Ng’ombe naye ana vyumba vinne, na mbuzi, na panya. Nikamwambia: “Baba, niache nianze tena.”

Nikafungua kitabu cha Mwanzo, sura ya pili. Tulisoma aya ya 7, kwamba Mungu alimfanya mtu kwa udongo wa ardhi, akampulizia pumzi ya uhai. Mzee alikuwa akiijua. Lakini nikamwomba asogee hata aya ya 19, ambayo watu hupita bila kuitazama: humo yasemwa kwamba wanyama nao Mungu aliwafanya kwa udongo. Udongo ni ule ule. Basi kama mfinyanzi ni mmoja na udongo ni mmoja, je, tushangae tukikuta ini hapa na ini pale? Maandiko hayakutuficha jambo hilo. Na Papa Pio wa Kumi na Mbili, katika waraka wake wa mwaka 1950 uitwao Humani Generis, aliwaruhusu wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa mtu, ila akashika neno hili, kwamba kila roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Kwa hiyo wembe wangu haukugusa kile ambacho mzee alikiogopea.

Akauliza: “Mwili huu je, ulio kama wa chura, utamwagiwa maji siku ya ubatizo?” Nikasema: “Ndiyo, baba, huo huo.” Akakaa. Baada ya kitambo akasema, kana kwamba anasema na nafsi yake, “Na ufufuko pia,” wala sikuwa na la kuongeza.

Nimesahau kuwaambia habari ya chura mwenyewe. Moyo wake ulinyamaza kabla ya kengele ya mchana. Watoto walinawa mikono kwa sabuni, kwa maana ngozi ya vyura wengine ina sumu iwashayo macho, kisha wakamzika nyuma ya shule. Yule mvulana mpole alitaka kusimamisha msalaba wa vijiti juu yake. Nilimkataza, nikamweleza sababu. Ndipo akaweka jiwe.

Maswali ya kuulizana katika mafundisho yenu: Chura huingizaje hewa mapafuni, na mtu je? Kwa nini chura hukaa penye unyevu? Mwanzo 2, aya ya 7 na ya 19, zafanana katika neno gani, na zaachana katika neno gani? Na mtoto aulizaye dhambi hukaa katika chumba kipi cha moyo, ninyi mngemjibuje? Mwenye jibu zuri kuliko langu aniandikie.